O1 na O139: jibu la swali lako

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini karatasi ya chanjo ya kipindupindu inataja O1 na O139, na kama hao ni wadudu wawili. Ni mmoja, bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Kilichotofautiana ni vazi.

Ukuta wake wa nje umejaa minyororo ya sukari, na mpangilio wa sukari hizo ndio antijeni O; kila mpangilio ni kundi lenye namba yake, kama O1 au O139. Kingamwili hushika hapo, na sisi maabara tuliutumia ujuzi huohuo: tone la seramu (majimaji ya damu) yenye kingamwili za kundi linalojulikana, bakteria kidogo, unachanganya kwenye slaidi. Wakigandana chembechembe mbele ya macho yako, kundi umelipata. Pembeni weka tone la maji ya chumvi na bakteria haohao, maana wapo wanaogandana wenyewe bila kuchokozwa, na hao huwapumbaza vijana wengi.

Makundi ya O ya mdudu huyu yanazidi 200, ila yaliyowahi kuleta milipuko mikubwa ni hayo mawili. O1 nayo ina serotaipu, yaani vikundi vidogo, Ogawa na Inaba, tofauti yao ni ndogo mno. Mlipuko unaweza kuanza na Ogawa ukamalizika na Inaba.

O139 ndiye aliyetushtua. Alizuka 1992 huko India, akaingia Bangladesh, na watu wazima waliokwisha kujijengea kinga dhidi ya O1 wakaugua kwa wingi. Kumbe alitokana na O1 wa aina ya El Tor, aliyepata jeni nyingine za antijeni O na kapsuli, yaani gamba laini, juu yake. Sumu ilikuwa ileile, lakini kinga ya zamani haikumtambua. Ndiyo sababu waliotengeneza chanjo yako waliwaweka wote wawili.

Lakini usidhani namba ndiyo ukali. Jeni za sumu zililetwa na fage, yaani kirusi anayeshambulia bakteria, na wapo O1 wasio na sumu kabisa. Majibu yakisema O1 tu, mimi ningeuliza kama sumu imepimwa.

Na ile H uliyoiona kwenye O157:H7, aina ya bakteria mwingine aitwaye E. coli, ni antijeni ya flajela, mkia wa kuogelea. Kwa E. coli inasaidia sana kutofautisha. Kwa kipindupindu haina kazi, kwa kuwa Vibrio cholerae wote wanafanana hapo.

Mama