Uliza Mjomba: Bangi ikihalalishwa, magendo yanaenda wapi?

Shikamoo Mjomba. Uchaguzi wa 2022 huku Kenya mgombea urais Wajackoyah alituahidi bangi ya halali, kura hakupata ila ubishi wake hapa maskani haujaisha mpaka leo. Mimi nasema ukihalalisha, magendo yanakufa, nani akanunue kichochoroni na duka lipo? Rafiki yangu anabisha, eti California walihalalisha na polisi bado wanang'oa mashamba. Nani mkweli? – Wa Likoni

Marahaba mpwa wangu. Rafiki yako kakushinda, ila mwambie asiringe sana manake na wewe unayo nusu yako, nitaifikia.

California walipiga kura Novemba 2016, maduka yakafunguliwa 1 Januari 2018. Sasa mchukue mkulima wa Humboldt, kule kaskazini milimani ambako watu wamelima kimyakimya tangu miaka ya sabini. Kaambiwa jisajili, basi akalipe leseni, atafute kibali cha kaunti, kibali cha maji, kila mzigo upimwe maabara kama una sumu au ukungu, na juu yake kulikuwa na kodi kwa kila uzito anaovuna (hiyo walikuja kuifuta 2022 baada ya wakulima kulia sana). Mteja naye akifika dukani anakuta kodi ya bangi asilimia 15, ukijumlisha ya mauzo na ya mji kuna sehemu inapita 30. Jirani wa yule mkulima ambaye hajasajili hata mche mmoja halipi chochote katika hivyo. Sasa nani atauza rahisi?

Halafu kuna hili watu huku hawalijui, sheria yao iliruhusu kila mji ukatae maduka, na miji mingi ikakataa kweli. Mtu anakaa mji hauna duka, duka la karibu ni mwendo wa saa nzima, na simuni anayo namba ya jamaa anayemletea mpaka getini, wewe unadhani ataendesha gari? Na adhabu ya kulima bila leseni ilishushwa ikawa kosa dogo, kwa hiyo hatari imepungua na faida ipo palepale.

Mashamba yenyewe mengine yako ndani ya misitu ya serikali. Wanatega kijito juu mlimani, maji yanashuka kwa mipira mieusi mpaka shambani, na kuzunguka miche wanamwaga sumu ili panya wasitafune. Wakaguzi wamekuta huko kabofyurani, yaani Furadan, ileile ambayo wafugaji huku kwetu walikuwa wanapaka kwenye mzoga kuulia simba! Na hiyo bangi kuna mtu anaivuta.

Kingine, mavuno ya California ni mengi kuliko wanachoweza kuvuta wenyewe, na majimbo ambako bado ni marufuku bei iko juu, kwa hiyo mzigo unapanda lori unakwenda huko. Ni mambo ya sukari na mafuta ya mpakani hayo, bei ikipishana tu njia ya panya inajichimba yenyewe.

Ila mimi kichekesho changu ni Oklahoma. Wale 2018 waliruhusu ya matibabu tu, leseni dola 2,500, na idadi ya mashamba hawakuiwekea kikomo. Jimbo la watu kama milioni 4 likajikuta na mashamba maelfu kwa maelfu, mgonjwa gani anavuta yote hiyo jamani. Sheria ilitaka asilimia 75 ya umiliki iwe ya mwenyeji, basi wenyeji wakalipwa waazimishe majina, mwenye shamba halisi hata hajulikani. Karatasi halali kabisa, mzigo unatoka usiku kwenda nje ya jimbo. 2022 wakasimamisha kutoa leseni mpya, na Machi 2023 walipoulizwa kama wahalalishe na ya starehe wakakataa.

Mjomba, na wale waliokuwa wanavusha kutoka Mexico wamekula wapi? – Msomaji, Tanga

Hapa ndo kwenye ile nusu ya mpwa wangu wa Likoni. 2013 askari wa mpakani Marekani walikamata bangi zaidi ya tani 1,000, 2019 ikawa kama tani 120. Kwa nini mtu abebe gunia jangwani wakati inalimwa kwa jirani na ni bora zaidi? Wakulima wa Sinaloa, jimbo la Mexico, bei iliwaanguka vibaya. Wakubwa wao wakahamia dawa kali za kulevya, heroini, meth na fentanili, zinabebeka, na hizo mbili za mwisho zinapikwa maabara, hazihitaji mvua.

Niko Houston, Texas, nina green card. Nikienda kumtembelea dada California naweza kurudi na kidogo tu cha dukani, risiti ninayo? – Jina kapuni

Weee! Risiti ndo itakuwa kidhibiti. Texas ni marufuku, na kuvusha mpaka wa jimbo ni kosa la serikali kuu hata kama ulikotoka na unakokwenda kote ni halali. Wewe mwenye green card ndo usiguse kabisa, uhamiaji hawaangalii sheria ya California. Hata ajira ya kuuza kwenye hayo maduka imewaharibia watu maombi ya uraia, kwa hiyo dada akikuitia kibarua huko mwambie asante.