Kipaza sauti kipi, na kompresa inabana nini?

Swali: Narekodi hadithi za watoto chumbani kwangu. Wenzangu wameniomba niwaandikie namna ya kupanga vifaa, nami nikaandika: "Weka kipaza sauti mbali na kipaza sauti, halafu kandamiza sauti kwa kikandamizi." Hawakuelewa. Nimekosea wapi?

Jibu: Sarufi yako ni safi. Kilichowapoteza ni majina.

"Kipaza sauti" kimeundwa kama kizima moto na kipima joto, na kupaza ni kupandisha. Msikitini, kinachopandisha sauti ni lile tarumbeta la juu ya mnara, lakini hata anachoshika mwadhini tunakiita hivyo hivyo. Katika mazungumzo tunaelewana. Katika maelekezo ya ufundi hatuelewani, na hivi viwili vikielekezana hupiga mluzi wa kuumiza masikio. Andika maiki (au maikrofoni, ukitaka urasmi) na spika. Usikimbilie "kinasa sauti". Wengi wanakijua kuwa ni rekoda.

"Kikandamizi" chako ni kompresa, na neno hilo tunalo tayari. Fundi friji anayo, na wa kujaza upepo matairi anayo. Ya studio nayo iite kompresa, ngeli ya i-/zi-. Kazi iko kwenye kitenzi. Kukandamiza kunanuka dhuluma. Kushindilia ni kwa gunia la mkaa. Kubana ndiko kunakofaa, ila "kubana sauti" peke yake humfanya msomaji afikirie mwimbaji anayeminya koo. Kinachobanwa hapa ni tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Tuseme uwiano ni 4 kwa 1. Kizingiti ni kiwango cha sauti ambacho kikivukwa kompresa huanza kubana. Fisi wako akibweka na kukivuka kwa desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kompresa humwachia 2 tu. Sungura anayenong'ona chini ya kizingiti haguswi. Kisha unapandisha sauti yote kwa pamoja, na mnong'ono unasikika. Kizingiti ni neno zuri mno kwa kazi hii, lishike.

Lakini kompresa haitibu pumzi ya vipasuo, yaani sauti kama p ambazo hewa huzuiwa kisha huachiwa ghafla. Chukua neno paa. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, paa wa porini hutoka na pumzi, paa la nyumba halina. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo utamke yote mawili: kwa mnyama, karatasi itaruka. Pumzi hiyo ikiipiga maiki usoni, rekodi inatoa kishindo, na kompresa ikishapandisha kila kitu unakisikia zaidi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Usielekeze maiki kwenye spika. Iweke shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isiipige. Kwenye kompresa anza na uwiano wa 3 kwa 1, kisha shusha kizingiti taratibu mpaka ibane pale tu unapopaza sauti."