Inhela inayosubiri mgonjwa avute pumzi, nimtafutie mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana pumu miaka mingi sasa, anatumia ile inhela ya kubonyeza, lakini kila akibonyeza naona kama moshi unamtoka tena mdomoni na kifua kinabaki kimebana vilevile. Nimesikia kuna mashine zenye sensa zinazotoa dawa pale tu mgonjwa anapovuta pumzi. Ni kweli au biashara tu? Nimtafutie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli zipo, na huo moshi uliouona ndio dawa yenyewe inapotea, umeangalia vizuri sana.

Inhela ya kubonyeza ipo tangu 1956 na tatizo lake ni hilohilo hadi leo: dawa inatoka kwa kasi mara moja, sasa mgonjwa akibonyeza kabla hajaanza kuvuta, au akichelewa hata kidogo, nyingi inagonga koo na ulimi na inayofika kwenye mapafu ni kidogo mno. Ndo maana watu wakafikiria kifaa kisubiri pumzi yenyewe. Cha kwanza ni zile zinazofyatuka zenyewe ukivuta, kama Autohaler, ambayo ni springi tu wala haina betri. Halafu kuna nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, kama I-neb, hii ndo mimi naipenda kwa akili yake, inapima pumzi 3 za mwisho za mgonjwa, inajua anavutaje, kisha inatoa dawa mwanzoni mwa kila mvuto na kuacha kabla hajaanza kutoa hewa nje, na akibadilisha mwendo wa kupumua nayo inabadilika, kwa hiyo dawa haimwagiki hewani bure.

Ila usichanganye na zile za bluetooth. Digihaler, inhela ya kampuni ya Teva iliyopitishwa Marekani mwaka 2018 ilikuwa inapima nguvu ya mvuto na kutuma taarifa kwenye simu, daktari anaona kama dawa inatumika na inavutwa vizuri. Inasaidia, lakini kurekodi ni kitu kingine na kupanga muda wa dawa kutoka ni kitu kingine, wauzaji wanaita zote "smati" na mtu ananunua asichokihitaji.

Sasa mama. Kabla hujatafuta mashine mpe spesa, lile chupa la plastiki linalochomekwa kwenye inhela, linashika dawa ili aivute bila haraka, na kwa wagonjwa wengi tatizo la muda linaishia hapo. Mwambie atikise inhela, atoe hewa yote, abonyeze mara moja, avute polepole sekunde 3 hadi 5, abane pumzi kama sekunde 10. Inhela za poda, zenye dawa ya unga, ni kinyume, zinataka avute kwa nguvu na haraka, kwa hiyo usimbadilishie bila kumuuliza daktari wake, maana mtu mzima aliyechoka kifua anaweza asiwe na nguvu hiyo. Kama dawa ni ya steroidi, ile ya kupunguza uvimbe kwenye njia za hewa, asukutue mdomo na kutema, isimletee fangasi.

Kliniki nenda naye na inhela yake, aitumie mbele ya muuguzi, na uulize kama anayo dawa ya kila siku ya kuzuia au anategemea ya kutuliza peke yake, kwa sababu bila hiyo ya kuzuia hata kifaa chenye sensa hakitamsaidia sana. Na siku akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mwahishe hospitali huku akiendelea kutumia ile ya kutuliza njiani.