Nahodha Mzoefu Anaposhindwa na Dadu

SWALI: Kikundi chetu huigiza hadithi kwa ujumbe wa maandishi, kwa kufuata kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika, toleo la tano la Dungeons & Dragons. Mhusika wangu ni nahodha aliyevusha watu kati ya Bukakata na Luuku, katika Ziwa Victoria nchini Uganda, kwa miaka 30, lakini kwa kanuni yuko levo ya kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa. Ziwa lilipochafuka nilirusha dadu nikapata 4, na msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, akaandika kwamba nahodha amesahau kuelekeza omo (sehemu ya mbele ya chombo) kwenye wimbi. Je, tufuate hadithi au namba? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ndugu msomaji, fuateni vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Historia ya mhusika ndiyo inayoonyesha ni mambo gani yana shaka kwake, na dadu huamua yale yenye shaka tu. Msimulizi wenu alikuwa na haki ya kusema kwamba umeshindwa, lakini hakuwa na haki ya kumsahaulisha mtu wa miaka 30 majini jambo ambalo hata kibarua wa boti analijua.

Tatizo lenyewe limo katika hesabu. Tuseme uwezo wako ni 16, unaokupa nyongeza ya 3, na ujuzi wa levo ya kwanza unakuongezea 2; nyongeza hizo hujumlishwa na namba ya dadu. Dhidi ya ugumu wa wastani, yaani jumla inayopaswa kufikiwa ikiwa 15, unahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo unafaulu mara 11 kati ya 20, sawa na asilimia 55. Abiria asiye na ujuzi wowote na mwenye uwezo wa 10, usio na nyongeza, anafaulu kwa asilimia 30. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa watu wawili ambao mmoja wao amezeekea usukani, na kadiri mnavyorusha dadu kwa kila jambo dogo ndivyo nahodha anavyozidi kuonekana mwanagenzi.

Kwa hiyo, ziwa likiwa shwari, msirushe dadu kabisa. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na kanuni nzuri ambayo ningependa muirudishe: mhusika asiyekabiliwa na hatari wala bughudha huhesabiwa kuwa amepata 10. Kwako hiyo inafikia 15 kamili, na boti inavuka. Kwenye dhoruba, mkitaka ujuzi uonekane zaidi, badilisheni dadu moja ya pande 20 kwa tatu za pande 6, mkijumlisha namba zake: wewe utafaulu kwa asilimia 62.5, ilhali abiria atashuka hadi takriban asilimia 9.

Hata hivyo dadu itakukataa siku nyingine, na hapo kazi inabaki kwa mwandishi. Sababu ya kushindwa itafutwe nje ya ujuzi wa mhusika. Badala ya ile sentensi ya kusahau, msimulizi angeandika: “Nahodha aliyapokea mawimbi kwa omo, lakini abiria walikimbilia upande mmoja kwa hofu, boti ikanywa maji, na magunia yote ya dagaa yakalowa.” Kushindwa kumebaki, hasara ipo, tena mwenye dagaa atadai fidia, jambo linaloizalia hadithi sura nyingine.

Nawe una wajibu wako. Miaka 30 kwenye njia hiyo haikufanyi bingwa wa maporomoko ya Nile, ambako chombo ni kingine na maji ni mengine. Huko rusha dadu kama mgeni. Tena anayetaka kuandika kwamba mhusika wake ndiye nahodha hodari kuliko wote ziwani, na aombe levo inayolingana na madai hayo kabla mchezo haujaanza, kwa sababu wachezaji wenzake wamekubali mipaka ya namba zao, na si haki mmoja aivuke kwa kalamu.