Pombe mezani na wageni Waislamu

Umeuliza kama ukiweka bia na waini kwenye sherehe yako hao marafiki zako Waislamu watachukia. Jibu fupi ni waulize kabla, tena mmoja mmoja na kwa simu, sio kwenye grupu ambapo mtu ataona aibu atasema "haina shida" halafu siku yenyewe hatokei.

Maana Waislamu hawafanani kwenye hili. Kunywa ni haramu, hilo liko kwenye Kurani, Suratul Maida aya ya 90, ila kuna wengine hata kukaa meza inayopitishwa pombe hawakai kwa sababu kuna hadithi ya Mtume inayokataza, na kuna wengine we kunywa yako yeye ana soda yake mnapiga stori mpaka usiku. Sasa wa kundi la kwanza usimwambie "si usinywe tu", hujamuelewa kabisa.

Mi ningekuwa wewe ningefanya chakula na hotuba bila pombe, halafu wanaotaka kunywa waendelee baadaye, na hilo unalisema wazi kwenye mwaliko ili kila mtu ajue aondoke saa ngapi. Wanywaji masaa mawili hawafi bwana.

Halafu jikoni! Watu wanasahau waini kwenye mchuzi au ramu kwenye keki, muulize mpishi. Na glasi za juisi ziwe mbali na za pombe, zisichanganywe kwenye trei moja.