Elimu bure na pesa za kompyuta shuleni

Ndugu, unauliza kama elimu bure italeta kompyuta kwenye sekondari zetu za Kongo (RDC). Hapana, haileti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatoa elimu bure kwa shule ya msingi ya serikali tu, na utekelezaji wake ulioanza 2019 uligusa mishahara ya walimu na pesa kidogo ya matumizi: chaki, rejista, karatasi. Sekondari hapa Lubumbashi wazazi bado wanalipa, na kila ada lazima iwe kwenye arete (amri ya maandishi) ya gavana wa jimbo. Kwa hiyo prefe (mkuu wa sekondari) akidai "pesa ya informatiki", mwombe akuonyeshe mstari wake kwenye arete. Haupo? Basi huo ni mchango wa hiari, na mchango haumfukuzi mtoto darasani.

Msaada wa mashine ukipatikana, ulizeni kwanza umeme. Kompyuta 20 za mezani na skrini zake zinakula kama wati 3,000. Laptopu 20 hazifiki hata nusu, na betri inawavusha umeme ukikatika. Stabilizateri (kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme) isisahauliwe: umeme ukirudi kwa nguvu, alimentasioni (visanduku vya kupokea umeme ndani) za mashine za mezani ndizo huungua kwanza, na hakuna bajeti ya kuzibadilisha.