Shangazi, wenzangu wote wameshachukua sare

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Soweto hapa Moshi, nina genge la mboga na mtoto anaingia fomu wani Januari. Desemba hii kuna sendofu ya binti wa jirani na grupu la WhatsApp halilali, ilianza mchango, kadi ya singo elfu hamsini, ikaja sare ya kitenge tena mshone kwa fundi mmoja, juzi wakaleta habari ya viatu vya rangi moja. Kwenye listi jina langu halina tiki. Mwanzo nilikuwa sivitaki kabisa hivyo viatu, sasa hivi navitamani mwenyewe, usiku nawaza viatu wakati yunifomu ya mtoto sijagusa. Ni mimi dhaifu au? – Mama Genge

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo uliposema sasa unavitamani mwenyewe ndipo penyewe, hayo mengine hesabu tu. Erich Fromm, mwanasaikolojia Mjerumani aliyehamia Marekani, aliliandika sana hili, kwamba jamii haina haja ya kumchapa mtu fimbo, inamlea hadi anatamani kwa moyo wake kile inachotaka afanye. Na hii jamii yetu ya kununua inataka nini? Ununue, kisha cha mwaka jana ukionee aibu. Ndo maana kitenge cha sendofu iliyopita kiko kabatini kizima kabisa, kimevaliwa siku moja, na hakuna anayethubutu kukirudia. Na Desemba huku kwetu ndo balaa, watu wamepanda kutoka Dar, magari mpaka migombani, kila mtu anaangaliwa karudi na nini (ndafu sina ugomvi nayo jamani, ndafu iletwe).

Udhaifu wapi? Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alitoa majibu ya jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo huko Marekani. Unaonyeshwa mstari mmoja, halafu mingine mitatu, useme upi unalingana nao, hata mtoto wa chekechea anapata. Kumbe wenzako mle chumbani wamepangwa, wanajibu uongo kwa sauti moja. Karibu robo tatu ya watu walifuata ule uongo angalau mara moja, na macho wanayo! Wasomi hao, tena mistari tu, hamna picha za kupostiwa, sasa wewe na grupu zima la wamama utaponea wapi.

Ila alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka mno. Sasa irudie hiyo listi, najua asiye na tiki siyo wewe peke yako. Mtafute mmoja, usiandike kwenye grupu, mpigie, mkubaliane kuvaa vitenge mlivyonavyo na mwingie ukumbini pamoja. Mchango toa hata kwa awamu, huo ni wa ujirani na kipaimara cha mwanao kinakuja. Viatu achana navyo. Mwenyekiti wa kamati akinuna muulize ana watu wangapi wa kumenya ndizi Ijumaa usiku.